Boi Aliyegawa Buni

Saa tisa alasiri, Buguruni. Nassibu Hija ameketi kwenye benchi kando ya kinyozi, vitabu thelathini na kimoja vimepangwa juu ya mkeka mbele yake, na anafuta neno.

Anakwaruza ukurasa wa daftari kwa wembe mkuukuu, taratibu asiutoboe, kisha anaandika upya kwa wino. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Viwili vilibaki Burma.

Kazi yake ni kuazimisha vitabu, senti kumi kwa juma. Wateja wake ni makarani, mafundi na wapishi wa Uzunguni, na hawataki mambo ya mapenzi. Wanataka mtu aliyepotea baharini, aliyefukiwa mgodini, aliyevuka jangwa akilamba umande. Nassibu huwachagulia, lakini kwanza humwuliza mtu kama amekula.

"Mwenye njaa simpi hadithi ya njaa," anasema. "Huyo nampa ya baridi."

Wote huuliza swali moja: alipona? Naye huwajibu vilevile, wasome.

Kitabu kinachogombaniwa kuliko vyote hakikutoka dukani. Ni daftari aliloandika mwenyewe, habari za siku kumi na moja alizopotea msituni mwaka 1944, akiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, pamoja na mwenzake Adelard, mtu wa Bukoba. Mto ulifurika ukawatenga na kikosi. Walikula machipukizi ya mianzi. Nassibu aliposhikwa na homa, Adelard alimbeba mgongoni siku nne. Siku ya tano aliyekufa ni Adelard.

Mwanzoni daftari hilo lilikaa mwaka mzima bila kuazimwa. Wateja walilifungua, wakaona jina la Nassibu wa Buguruni, wakalirudisha wakicheka. Walitaka shujaa, si jirani wanayemwona kila siku kwa kinyozi. Kwa hasira Nassibu akabadili majina mawili. Yeye akawa Bwana Wiliamu. Adelard akawa "boi" wake, basi.

Juma lile lile likaanza kupiganiwa. Watu waliomcheka Nassibu wakamlilia Bwana Wiliamu, na mpishi mmoja alimwombea dua.

"Nilifurahi," anasema. "Usiandike kwamba sikufurahi."

Mwezi uliopita alikuja mwalimu kijana wa kike, Kokushubila, mgeni katika shule moja ya Temeke, akitaka kitabu cha kumkosesha usingizi. Nassibu akampa daftari bila kumwuliza kwao ni wapi. Kesho yake alirudi, macho yamemvimba, kidole kwenye ukurasa ambapo boi, kabla ya kukata roho, anapasua tunda kavu la kahawa, anampa bwana wake buni moja na kutafuna ya pili.

Kwao Bukoba buni mbili za tunda moja hapewi bwana. Hugawana watu wawili wanaofanyana ndugu. Nassibu akamtajia jina la huyo boi, na hapo ikajulikana kwamba kahawa ile, iliyoelezwa daftarini kuwa imefungwa kwa ganda la mgomba, aliifunga mama yake Kokushubila, aliyemzaa Adelard pia. Miaka tisa nyumba hiyo ilikuwa na barua moja tu, ya kusema kijana wao amepotea. Mama bado humwekea chakula.

Mwalimu hakupiga kelele. "Kama mlikula buni pamoja, basi na mimi wewe ni kaka yangu," alimwambia. "Ni ndugu gani anamwita nduguye boi?"

"Alinibeba siku nne mie," anasema Nassibu. "Jina lake tu likanishinda."

Shule zinafungwa Ijumaa. Kokushubila anakwenda kwao na daftari, akamsomee mama yake. Nassibu ameomba wafuatane, amwangukie mama huyo miguuni. Hajakubaliwa wala hajakataliwa. Ameambiwa amalize kwanza kulirudisha jina la Adelard daftarini, na zimebaki kurasa tisa.

Karani mmoja anasimama mbele ya mkeka. Amesikia sifa za kitabu cha Bwana Wiliamu, anakitaka, na anauliza kama huyo bwana alipona.

Nassibu anapuliza unga wa karatasi kwenye wembe.

"Hapakuwa na bwana," anasema. "Aliyepona ni mimi."

Karani anacheka, anachagua cha jangwani, anakwenda zake. Nassibu anatafuta "boi" anayefuata.