Alama ya Dole Gumba Ndani ya Kisanduku

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo huenda naeleza vibaya. Kisanduku cha kupimia mafuta ya kula nilichounda hapa Uyole kina ukubwa wa kipande cha sabuni. Mwanga wa taa hupita kwenye mafuta, ukagonga kibao chenye mistari myembamba mno iliyochorwa kwa leza, ukatawanyika kuwa rangi, na kamera ya simu ikazisoma.

Mama mmoja anayeuza mafuta ya alizeti sokoni Mwanjelwa aliniomba nimpimie yake. Ukatokea mng'ao hafifu pembeni mwa rangi, mahali palipotakiwa kuwa giza. Nikamwambia mbele ya wateja wake, "Yamechanganywa." Wakaondoka.

Nyumbani nikapima maji matupu. Mng'ao ulikuwepo. Nikaondoa chupa kabisa, bado ulikuwepo, palepale, kama mtu aliyekaa akisubiri nimwone. Nywele zilinisimama. Nikafungua kisanduku, nikakipulizia kibao pumzi katika ile baridi yetu, na kwenye ukungu ikajitokeza alama ya dole gumba lenye kovu katikati. Niliitazama sana kabla ya kugeuza mkono wangu na kuliona kovu lilelile, nilipokatwa na mundu.

Kibao kile hakiguswi. Mimi nilikuwa nimekifuta kama mtu anavyofuta miwani, na uchafu wa kidole changu ndio uliotawanya mwanga.

Asubuhi nilirudi sokoni, nikasubiri wateja wajae, nikasema kosa ni langu.

"Kwa hiyo mchawi wangu ni wewe, baba?"

"Ni mimi, mama."

"Na mafuta yangu ni safi?"

Nilitamani kusema ndiyo. "Bado sijui. Nitapima tena kwa kibao kipya, hapa hapa mbele yao."

Alinijazia chupa nyingine ya kupima.