Siku Dada Angelina Alipowatangaza Wachimba Dhahabu

Wasifu wa dada yangu Angelina uliosomwa kanisani mwezi wa Machi ulichukua dakika tatu: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akazaa, Bwana akamtwaa. Yote kweli. Lakini hakuna aliyetaja siku ya majembe, na mimi nikiikumbuka, hata kama nalia, lazima nicheke.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka juzi. Daktari Khairat, mtafiti wa mambo ya kale, alikuwa akichimba mahali wazee walipoyeyushia chuma, nje kidogo ya kijiji chetu upande wa Kongwa. Angelina aliajiriwa kuchekecha udongo. Kila siku Daktari alirusha kazi mubashara mtandaoni ili wananchi waone, na wananchi wenyewe tulikuwa tisa, mimi nikitazama kutoka kwangu mjini, mtaa wa Kikuyu, huku nikishona. Mafua yalipomkausha Daktari sauti, akampa Angelina simu. "Mbukwenyi!" dada akatusalimu Kigogo, kisha akaanza kutangaza vigae vya vyungu kama anatangaza mpira. Baada ya wiki moja tulikuwa elfu mbili.

Alhamisi moja likatoka bomba la udongo, zima kabisa, lile la kupitishia upepo wa mvukuto hadi kwenye moto wa kuyeyushia chuma. Badala ya kutuonyesha, Angelina aliitupa simu kwenye chekeche, akaanza kupiga vigelegele. Sisi tuliona mbingu tu, tukamsikia na Daktari akilia, "Alhamdulillahi!" Sasa kwetu huko kila mtu ameshasikia kwamba Wajerumani walizika dhahabu mahali fulani. Unafikiri watu walielewa nini?

Kesho yake asubuhi wanaume kumi na saba walifika na majembe na sururu. Shimo lile lilichimbwa miezi miwili kwa mwiko mdogo na brashi. Majembe yangelimaliza kabla chai haijachemka.

"Mama, umetuponza," Daktari akanong'ona. "Wakiingia humo, kazi yote imekwisha."

Angelina akawasha simu.

"Mbukwenyi! Leo tuna wageni. Sogea, baba, usifunike uso, Mungu kakupa bure. Ala! Zablon! Mzee wetu wa kanisa! Shikamoo."

"Zima hiyo simu, Mama Joel."

"Nizime, na watu elfu tatu wanakusalimu? Na huyu nyuma ni Abeli. Abeli, mkeo kaandika hapa: 'Baba Hilda, si uliniaga unakwenda msibani Buigiri?' Jibu, shemeji, watu wanasubiri."

Abeli alijificha nyuma ya mpini wa jembe, kana kwamba mpini unaweza kumfunika mtu mwenye tumbo lile.

"Msiba... umeahirishwa," akasema.

"Marehemu kafufuka? Haleluya!"

Kikuyu huku sindano ilinidunga kidole, nisisikie maumivu. Maoni yalimiminika, wake wakiwaulizia waume zao. Wanaume sita walianza kurudi nyuma taratibu kama mbuzi walioona fimbo. Zablon ndiye aliyekaza shingo.

"Tuonyesheni hiyo dhahabu, tuondoke."

Angelina akamwekea bomba mikononi. "Mikono miwili, kama mtoto mchanga. Hiyo ndiyo dhahabu yetu."

Zablon akaligeuza, akachungulia ndani, akakutana na jicho la Abeli aliyekuwa akichungulia upande wa pili. Wote wawili wakaruka. Daktari alifumba macho, lakini bomba halikudondoka.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii, na mavi ya chuma, makapi ya kuyeyusha, ndoo arobaini. Anayetaka ndoo aseme."

Kicheko kilianza kwa Zablon mwenyewe, kikawapitia wote. Akauliza aweke wapi jembe. "Kule mbali," akaambiwa, "na chekeche hili hapa." Walibaki watano wakichekecha, na hakuna aliyekanyaga shimo.

Hapo Daktari akanyoosha mkono apewe simu. Dada akaitoa polepole, akidhani ndiyo mwisho wake wa kutangaza. Daktari akaigeuza, tukaona uso wa Angelina umejaa vumbi.

"Mtangazaji wetu huyu hapa," akasema kwa sauti yake iliyokwaruza. "Ila kuanzia leo, mama, kitu kionekane kwanza, furaha baadaye."

Angelina akawaamuru wote wainamishe vichwa, pamoja na sisi wa kwenye simu, akaanza kumshukuru Mungu. Akawaombea Zablon, Abeli, Wajerumani na mafua ya Daktari, sala ndefu kuliko ya mchungaji, mpaka bando likakatika kabla ya Amina. Nikaisema mimi.