Nilimjibia Mpwa Wangu Simu ya Usaili

Admin, ficha jina langu sana, maana likionekana hapa, Nachingwea na Ruangwa yote shughuli zitasimama. Nina miaka hamsini na mbili, naishi Nkowe. Shule niliishia darasa la sita, lakini hata mabwana shamba wakitaka kujua habari za mvua hunipigia mimi kwanza.

Dada yangu ana binti, tumwite Upendo. Kwetu sisi Wamwera mjomba ndiye msemaji. Posa ikija, anajibu mjomba. Upendo kasomea uhasibu, lakini kakaa nyumbani akibangua korosho mpaka vidole vimebabuka. Ikatangazwa nafasi kiwanda kimoja Ruangwa. Nikamwambia, "Kwenye barua ya maombi weka namba yangu ya simu. Wakisikia ni mimi, umepata."

Simu ikaja nikiwa shambani. Kumbe ni mashine, sauti tamu ya kike: "Habari Upendo. Jibu maswali kwa sauti yako mwenyewe." Nikasema kwa heshima zote, "Mimi ni mjomba wake, namwakilisha, endelea mama." Ikaendelea. Nikajibu yote, mwisho nikaiambia isalimie familia yake.

Upendo alipokwenda kiwandani kuulizia, alirudi kwa bodaboda kajikunja kama mgonjwa. Wamemweleza kwamba siku hizi barua za maombi zinaandikwa na AI, zinafanana kama mbegu za kunde, ndiyo maana wameweka mashine imsikie mwombaji mwenyewe. Ya kwake imesikika sauti ya mwanaume. Wamemtoa kama tapeli. Na barua ile, jamani, aliiandika kwa akili yake mwenyewe, anafuta anaandika.

Nikasema, "Tulia, nitaongea nao."

Akaniangalia. "Umeshaongea, mzee."

Mzee! Mimi, mjomba wake! Dada akamkemea. Akajibu huku analia, "Mama, hata posa yangu ikija, ajibu mtu mwingine."

Tangu hapo ananipa shikamoo ya jirani, anapita.

Ndugu zangu, niende kiwandani nikajieleze, au nitazidi kumharibia? Na nisipomsemea, mimi ni mjomba wa nani? Nishaurini, nifanye nini?

Ila msinitukane kabla sijamaliza. Mashine ilipouliza, "Tueleze, wewe unajua kufanya nini?" niliweka jembe chini, maana tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Hapo sikumsemea Upendo. Nilijieleza mimi.