Kabureta Katika Bakuli la Idi

Mke wangu alikwenda Maskati kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Alisema arubaini ikiisha atarudi. Mtoto sasa anakimbia, ananikatia simu akichoka na maswali yangu, na arubaini bado haijaisha.

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, nilimuuliza atarudi lini hasa. Akatazama funguo mkononi mwangu. Tulikuwa tumekuja kwa teksi, lakini funguo za gari langu la zamani huwa ninazo daima, nazichezea kama tasbihi. Mara ya mwisho gari hilo kuwaka, tulikwenda nalo Bwejuu tukarudi tukiimba.

"Ntarudi hilo gari lako likiwaka," akasema.

Tukacheka. Mtu mwenye digrii mbili kama mimi angepaswa kutambua kuwa ule ni utani. Mimi nikaenda kununua spana.

Gari lenyewe liko Chukwani, kwenye kiwanja cha marehemu kaka yangu, karibu mno na bahari. Chumvi imelila. Nikawa nakwenda kila Jumamosi, nafunua boneti, nakuta hakuna kinachotaka kutoka. Plagi zimeganda. Nati zimeshikana na bolti zake kana kwamba zimezaliwa pamoja. Nikazimwagia mafuta ya taa, nikaziacha, nikarudi wiki ya pili, nikazikaza kidogo kabla ya kuzilegeza, kama nilivyoona kwenye video ya mzee mmoja mwenye karakana safi kuliko jiko langu. Nati ya kwanza ilikatika. Ya pili ililia, ikazunguka. Nikageuka kwa furaha kutafuta wa kumwambia, nikamkuta kunguru juu ya ukuta.

Hatimaye nikaing'oa kabureta. Hiyo ndiyo inayochanganya petroli na hewa, na ndani yake mna kibati cha duara kinachotakiwa kufunguka na kufunga. Changu hakikutikisika. Gari haliingii kwenye uchochoro wetu wa Mji Mkongwe, kwa hiyo kabureta niliibeba nyumbani kwenye kikapu, chini ya mchicha. Ilitaka kulowekwa. Vyombo vyote vilikuwa vichafu, kwa sababu ninazozijua mwenyewe, nikafungua kabati nikatoa bakuli la mke wangu la Idi.

Ni la kauri, lina maua ya buluu, alirithi kwa mama yake. Hutoka kabatini mara mbili kwa mwaka, kwa biriani, na halioshi mtu mwingine ila yeye. Idi moja nililibeba kwa mkono mmoja, akaninunia mpaka Mfungo Tatu, Idi ya pili ilipofika.

Harufu ikavuka uchochoro. Bibi jirani, anayeishi ghorofa ya juu upande wa pili, akatoa kichwa dirishani.

"We profesa! Leo unapika nini, mafuta ya taa?"

"Shikamoo, bibi. Nnaloweka kabureta."

"Marahaba. Kwenye chombo gani?"

Nikainua bakuli alione.

"Yarabi! Bakuli la mkeo! Atakuja kukuchinja!"

"Inshaallah," nikasema.

Alicheka, kisha akanitazama, akaacha kucheka. Akarudisha dirisha taratibu.

Ndoo nilikuwa nayo, na kesho yake ningeweza kuihamisha kabureta. Sikuihamisha. Kila baada ya sala ya alasiri nilikaa nayo, nikaigonga kwa mpini wa mwiko, nikasukuma, nikairudisha bakulini. Mafuta yakawa meusi. Kibati kikabaki pale pale, mpaka alasiri moja kikasogea unene wa unywele, halafu nusu, halafu chote. Kikafunguka. Kikafunga.

Nikapiga picha. Nikairudia mara kadhaa, ili bakuli lionekane lote, pamoja na maua yake, na ionekane kama sikukusudia. Nikamtumia mke wangu, nikaandika: "Imefunguka." Kisha nikakaa kungojea ugomvi. Majibu nilishayatayarisha, mengine ya jeuri kabisa.

Ukaja ujumbe wa sauti yake.

"Mashaallah, hongera bwana. Kumbe utaliwasha kweli." Nyuma yake mjukuu akaita, "Bibi!" "Naam, mama, nakuja." Akanirudia mimi. "Na hilo bakuli usijisumbue kulisugua. Kaa nalo tu, liwe lako."

Aliyasema kwa upole. Nikasikiliza tena, na tena, nikitafuta hasira, hata ya kijiko kimoja.

Jumamosi sikwenda Chukwani. Kabureta iko mezani, juu ya gazeti. Nikipita nakisukuma kile kibati kwa kidole, nacho kinafunguka bila ubishi.

Bakuli nililiosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Harufu haikutoka. Nikalirudisha kabatini, mahali pake, nimelishika kwa mikono miwili.