Pumzi za Kitanda cha Tatu

Wauguzi wenzake walimwita Taratibu, na si kwa kumsifu. Mkunga huyu alikuwa na miaka ishirini na mitano kazini, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alipita kwenye korido ya leba kama mtu aliyebeba beseni lililojaa pomoni. Dawa za kutuliza maumivu zilikuwa chache, zikitunzwa kwa wagonjwa wa upasuaji; kwa wengine wote alikuwa na viganja vyake. Aliwakanda viuno, akawawekea vitambaa vya maji ya moto mgongoni, akawatembeza toka dirishani hadi mlangoni.

Asichokuwa na tiba yake ni upweke. Mtoto wake wa kwanza alimzaa peke yake, macho kwenye ufa wa dari, na hadi leo angeweza kuuchora ufa ule kona kwa kona. Ndiyo maana alimsumbua matroni miezi mingi mpaka akakubali kila mzazi aingie na ndugu mmoja. Kwa majaribio tu.

"Siku nikisikia vurugu moja," alisema matroni, "wote nje."

Vurugu ilikuja Jumanne, saa nne asubuhi.

Kwenye kitanda cha tatu alilala msichana fundi cherehani, mimba yake ya kwanza. Alikuja na mama mkwe wake, muuza viazi mwenye sauti ya kuita wateja wa ng'ambo ya barabara. Mkunga alimfundisha mama huyo koridoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, huku akiitwa kitanda cha kwanza: pumzi ndefu za polepole kila uchungu unapokuja, na zile fupifupi za kuhema, za mwishoni kabisa, za kumzuia mzazi asisukume kabla ya wakati. Alimwonyesha zote mbili. Hakumngoja azirudie.

Aliporudi, alizisikia toka mlangoni.

"Hu! Hu! Hu! Usilegee, mkwe wangu! Nifuate mimi!"

Msichana alikuwa ameketi, midomo imepauka. Vidole vyake vilijikunja kama vinashika sindano isiyokuwapo.

"Sista, mikono imekufa," alisema. "Midomo inawasha. Dada yangu alianza hivihivi."

Dada yake alifia leba mwaka juzi, kwa kifafa cha mimba.

Matroni alikwisha kufika, kelele zimemleta. "Mtoe huyu mama nje. Sasa hivi."

"Asitoke!" Msichana alimng'ang'ania mkwewe kwa vile vidole vilivyokakamaa. "Dada alikuwa peke yake!"

"Jamani, nimekosa nini mimi?" Mama mkwe alitazama huku na huku. "Nimefuata nilivyoambiwa. Ningejua ningebaki na viazi vyangu."

Mkunga alifunga kwanza kipimo cha presha. Alingoja mshale ushuke. Presha ilikuwa ya kawaida; si kifafa. Akausikiliza moyo wa mtoto: ulikuwa unapiga vizuri. Hapo ndipo alipoelewa, na angeweza kunyamaza. Nani angemwamini muuza viazi?

"Kosa ni langu," alisema. "Nilimfundisha harakaharaka, akaanza na pumzi za mwisho. Wamehema nusu saa nzima. Ndiyo maana vidole vimekakamaa. Nipe dakika kumi."

"Tano." Matroni alikunja mikono, akasimama palepale chini ya saa ya ukutani.

Mkunga alikilaza kichwa cha msichana begani kwake. "Usivute kwa nguvu. Toa tu. Polepole, kama unapuliza chai. Mama, kaa nyuma yake. Kiganja hapa, chini ya kiuno. Egemea."

"Nisije nikamvunja."

"Magunia umebeba miaka mingapi? Egemea, mama."

Uchungu mwingine ulipanda. Msichana alikaza shingo, pumzi zikaanza kukimbia tena. Mama mkwe alifungua kinywa, "Hu—", kisha akajizuia. Akameza mate. Akatoa pumzi moja ndefu, yenye kutetemeka, karibu na sikio la mkwewe. Na msichana, baada ya kusita, akaifuata. Ikaja ya pili. Dakika ya nne kidole gumba kilinyooka, kisha cha shahada.

"Bado inauma vilevile," msichana alinong'ona.

"Najua, mwanangu."

"Ila mikono imerudi."

Matroni alitazama vile vidole kwa muda. "Wa kitanda cha kwanza ana dada yake kwenye benchi," alisema akielekea mlangoni. "Mwingize. Na safari hii usiondoke mpaka azirudie pumzi mbele yako."

Saa nane mchana msichana alizaa mtoto wa kike. Alipiga mayowe, akauma shuka, akamtukana mumewe tusi zito mbele ya mama aliyemzaa huyo mume.

"Mtukane tu," alisema mama mkwe, kiganja hakijaondoka kiunoni. "Ila polepole."