Namba ya Simu Kwenye Kona ya Picha

Niliondoka Jinja kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kazi. Padri mmoja wa Kiorthodoksi, upande wa Mbale, alihitaji picha mpya ya Mama wa Mungu, kwa kuwa ya zamani iliharibiwa na mvua iliyopenya kwenye bati. Ya pili niliijua mimi na Sista Agnesi peke yetu. Nilikuwa siwezi tena kusali.

Mimi ni mwandishi wa mabango, Mkenya wa Bungoma, na nimekaa Mafubira, kando ya mji wa Jinja nchini Uganda, miaka mingi kiasi cha kusahau ni mingapi. Kila bango ninalomaliza, naandika jina langu na namba ya simu kwenye kona ya chini. Ndiyo desturi ya kazi yetu, maana bila namba mteja wa kesho atakupata wapi? Mwaka jana nilikuwa juu ya ngazi mbele ya duka moja mjini, nimebakiza namba tu, simu ikaita mfukoni. Mikono ilikuwa na rangi. Nikaiacha iite mpaka nikamaliza kuandika. Ilikuwa hospitali. Mke wangu Rosa, aliyelazwa huko, alikuwa akiniulizia, na nilipofika alikuwa amekwisha kata roho.

Sista Agnesi ni mtawa anayewaongoza watu katika sala, naye pia Mkenya. Habari hiyo ya simu sikumwambia hata yeye. Nilimwambia tu kwamba nikipiga magoti, mdomo unakauka. Akanifundisha njia ya mababa wa zamani wa Kanisa la Magharibi: unachagua kisa cha Injili, unafumba macho, unaingia ndani yake, utazame na usikilize.

"Wewe ni mchoraji, kaka Wafula," alisema. "Kwako itakuwa rahisi."

Ilikuwa rahisi kupita kiasi. Niliingia arusi ya Kana nikaona mitungi sita na nyufa zake. Miongoni mwa watumishi nikamwona Rosa, amenipa mgongo. Nikabadilisha kisa, nikaenda ziwani, nako nikamkuta na mgongo ule ule. Sista akaniambia nimsemeshe. Sikuwa na neno, nikaacha kwenda huko.

Jumatano asubuhi nilifunga ubao wa kuchorea ile picha juu ya lori la Hamisi, mfanyabiashara Mwislamu wa Mbale aliyekuwa akirudi na sabuni. Tulipita Iganga, tukashika njia ya Tirinyi. Kwenye mashamba ya mpunga alipunguza mwendo na kuniuliza nabeba nini. Nikamweleza.

"Bwana, sisi picha hapana," alisema. "Mtu nachora, halafu naanza kupenda mukono yake mwenyewe."

Nilicheka. Nilimwona mtu asiyejua sanaa.

Mchana tuliingia Mbale, mlima wa Wanale ukiwa umesimama nyuma ya mji kama ukuta. Nilipanda bodaboda, ubao nimeukumbatia, hadi kanisani, jengo dogo la matofali kwenye mteremko. Mama mmoja alitoka jikoni na kunisalimu "Mulembe", salamu ambayo hata sisi Wabukusu tunayo. Nikamkabidhi mfuko wangu, nikamuuliza kama ndiye mpishi wa padri.

"Mupishi, ndiyo," alijibu. "Na watoto yake ine, mimi ndiyo nilizaa."

Mimi Mkatoliki nilitamani ardhi ipasuke. Sikujua kwamba kwao padri anaweza kuwa na mke. Mama Padri alicheka mpaka akaegemea mlango, na kwa siku zote nilizokaa pale alijiita "mupishi" kila alipoleta sahani.

Sahani zenyewe zilikuwa za mfungo. Sisi Jinja tulikuwa tumekwisha kula Pasaka yetu, wao kalenda yao ilikuwa bado Kwaresima. Nyama, maziwa na mayai vilikuwa marufuku. Tulikula malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, na matoke, na chai kavu isiyo na maziwa. Ikawa nimefunga mara mbili mwaka mmoja, na thawabu ya mara ya pili sina hakika nayo.

Jioni ya kwanza Padri alitaka kujua ninasali vipi. Alikuwa mzee mwembamba, Mgisu, mwenye ndevu za kijivu. Nilimsimulia kuhusu Kana na mgongo wa Rosa. Alitikisa kichwa.

"Bwana fundi, njia ya Sista si mbaya, iko ya kwao. Lakini wazee yetu wa Mashariki nakataza kuchora ndani ya kichwa. Kichwa ya mutu iko mwongo. Wewe chora kwa ubao. Kwa kichwa, usichore kitu."

Akanipa kamba nyeusi ya sufu yenye mafundo madogo. Kila fundo lilikuwa na sala moja: Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi. Basi, hakuna kisa wala mitungi.

Alhamisi na Ijumaa nilichora nikiifuata picha ndogo aliyonipa. Kamba niliitundika shingoni. Nilisema ile sala kama mtu anayehesabu magunia, bila kusikia kitu, na nilichoka nayo. Uso ulikuja vizuri, hilo nalisema bila unyenyekevu. Herufi za Kigiriki za jina la Mama wa Mungu nilizichora kwa raha zaidi, maana herufi ndiyo kazi yangu.

Jumamosi, saa nne asubuhi, nilimaliza. Niliosha brashi nikatoka nje kunyoosha mgongo. Niliporudi nilimkuta Mama Padri mbele ya picha, kiganja mdomoni.

"Fundi," alisema, "huyu Mama wa Mungu, tukipigia yeye simu, nashika?"

Kwenye kona ya chini palikuwa na jina langu, Jinja, na namba yangu. Mazoea yana taabu. Sikukumbuka hata kuyaandika. Padri alikuja akatazama, hakukasirika.

"Hapa jina naandikwa moja tu, ya kwake," alisema, akigusa zile herufi za Kigiriki. "Hii ingine, futa wewe mwenyewe."

Nilichukua kitambaa na mafuta ya taa. Jina lilitoka haraka. Nilipofika kwenye namba, mkono ulikataa. Nikakaa chini sakafuni, nikamwambia Padri yote: ngazi, simu, mikono yenye rangi. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu.

Aliinama. Kisha akanivua ile kamba shingoni na kunitia mkononi.

"Namba iko kumi," alisema. "Mafundo pia, kumi."

Nilifuta tarakimu moja, nikashika fundo moja, nikasema sala. Kufikia ya nne nilikuwa nalia waziwazi, na lile neno "unihurumie" lilikuwa langu. Yale maneno niliyoyakosa mwaka mzima ndiyo hayo. Padri alisimama kando bila kunigusa mpaka kona ikawa safi.

Jumatatu nilirudi Jinja na basi. Jioni nilikwenda kwa Sista Agnesi, nikamwonyesha kamba. Aliigeuza geuza kwa vidole, akasema ni nzuri, akaniuliza kama sasa nitaiacha njia yake. Nilimwomba turudi Kana.

Mitungi ilikuwepo, na nyufa zake. Rosa alikuwepo, bado kanipa mgongo. Padri angesema kichwa yangu iko mwongo, na huenda ni kweli. Lakini safari hii nilikuwa na la kumwambia, nikamwambia neno lile lile nililojifunza kwenye mafundo. Hakugeuka. Aliacha kuchota maji, akasimama, akasikiliza.

Nilichojifunza katika safari hii hakijai ukurasa. Sista alinionyesha mahali pa kusimama, Padri akanipa cha kusema nikiwa hapo, nami navitumia vyote viwili bila kuwauliza kama vinapatana. Mabango naendelea kuyaandika, na namba naiweka konani, maana lazima nile. Ila simu yangu imejaa madoa, ya bluu, mekundu na ya njano, na kioo chake hakisomeki vizuri. Ikiita, naishika na rangi yangu mkononi.