Mikro Nyembamba na Nyanya wa Kibenga

Wakati wa vita, kupiga muziki wa harusi hapa Bujumbura ilikuwa kazi ya hatari, na hatari yenyewe ilikuwa besi. Mabafle yangu, zile spika kubwa, yalikuwa na besi ya kuhamisha ziwa. Kwenye harusi moja kule Kinanira besi ilinguruma mara moja tu, "buuum," watu mia tatu wakadhani ni bomu, wakaingia chini ya meza kumi. Wa kwanza alikuwa bwana harusi, na keki mukononi.

Basi mama mumoja wa Kibenga akanifuata nyumbani Buyenzi. Alikuwa anaozesha binti yake.

"Mama yangu hajatoka nje tangu bomu lianguke kwa jirani," akasema. "Kwa harusi ya mujukuu amekubali. We fundi, akikimbia sababu ya besi yako, mi nitakukimbiza we mpaka Kongo."

Rafiki yangu, fundi wa redio, alikuwa na ordinateri ya kubeba, kompyuta ndogo, inachora sauti kama musitari, unaona besi inazidi wapi. Lakini bila sikio, ordinateri ni sahani tu. Ilitaka mikro, yaani maikrofoni, ya kupimia sauti. Zile za Ulaya, kwa bei yake unapata ng'ombe pamoja na muchungaji. Tukaenda kwa muzee mumoja Mwarabu mwenye duka la vyombo vya muziki. Za bei nafuu alikuwa na aina mbili: moja nene, inang'aa, kichwa kama kitunguu, ingine nyeusi, nyembamba kama kalamu.

"Mi nachukua nene," nikasema. "Hii ingine ni ya kupimia homa."

"Apana. Nene ni ya muimbaji," rafiki akasema. "Inasikia mudomo ulio mbele yake tu. Sisi tunataka ya kusikia sale yote, kila kona ya ukumbi."

"Umejuaje?"

Akachomeka ile nene, akamugeukia muzee. "Haji, tikisa tasbihi yako hapa mbele. Sasa nyuma."

Mbele musitari ulipanda, nyuma ukalala kama mulevi. Kwa nyembamba ulikuwa sawasawa pande zote. Nyembamba zilikuwa tatu: mbili zilichora sawa, ya tatu ilikuwa na uongo wake, tukaiacha, tukanunua moja ya zile mbili.

"Subhanallah," muzee akasema. "Miaka yote nauza, leo ndio najua ninachouza."

Asubuhi ya harusi tukasimamisha mikro yetu pale penye kiti cha nyanya. Mabafle yakapiga sauti ya kupimia, "shhh" kama mvua juu ya mabati. Kwenye besi, musitari ulikuwa na mulima mukubwa kuliko yote ya Burundi. Tukatoa mabafle kwenye kona, maana kona inavimbisha besi, tukapunguza pale pale penye mulima, besi ikawa laini kama uji.

Muchana nyanya akaja, akakaa, akala, akatikisa mabega. Halafu kutoka milimani, bomu la kweli: buuum.

Watu wote chini ya meza. Nyanya peke yake akabaki kwenye kiti, kijiko hewani, ananiangalia.

"Fundi! Ni we?"

Mi, niliyehangaika wiki nzima kuondoa ile buuum!

"Ndiyo, Nyanya. Ni mi. Unisamehe."

"Punguza!"

Nikashika kitufe cha besi, nikakizungusha mbele ya macho yake. Watu wakaanza kutoka chini ya meza mumoja mumoja, wa kwanza yule mama aliyenifuata Buyenzi, anapangusa magoti. Nyanya akaomba waongeze pilau.